Wesonga na Mashairi ya Mvua

Wesonga alikuwa fundi wa mawe, mtu wa kazi za juu, mpaka mbao za jukwaa zilipovunjika kwenye jengo moja mtaani Satellite zikamtupa chini. Kifo kilimkosa, lakini kuanzia shingoni kushuka chini mwili uligoma. Dunia yake ikawa kitanda kimoja katika chumba cha mabati, kijiji cha Raila, Kibera. Kila asubuhi mkewe Jentrix alimlisha, akamgeuza, kisha akaenda kuuza mitumba Kawangware. Mlango aliutia kufuli kwa nje, maana wezi walishawahi kuingia wakabeba mtungi wa gesi Wesonga akiwatazama tu.

Masika yalipoanza, mvua ilipiga bati hadi redio ikawa haisikiki. Kwa kukosa la kufanya, Wesonga akaanza kuitungia mashairi mepesi, akiyasema kwa sauti kushindana na kelele:

*Mvua piga polepole,*
*bati langu limechoka;*
*ukitaka kuja tele,*
*nipe njia ya kutoka.*

Ng'ambo ya ukuta, Zeinabu, mama yake Malika, Mnubi aliyekaanga mandazi ya kuuza, alisikia kila neno.

"Baba Austin, ya leo imelala," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe aliyelelewa kijijini. "Ya jana ndiyo ilikuwa moto."

"Nitunge ingine, Mama Malika?"

"Tunga. Kwani unaenda wapi?"

Neno lilimchoma, lakini alicheka.

Alasiri moja mtaro ulifurika. Maji meusi yalipenya chini ya mlango, yakazungusha sufuria na ndara, yakapanda hadi kwenye godoro. Simu ilikuwa imezima. Wesonga akapiga mayowe, lakini mtaa mzima ulikuwa ukipiga mayowe, kila mtu akiokoa vyake. Yowe lake nani angelijua? Akavuta pumzi, akapaza sauti:

*Maji kwangu yamefika,*
*kufuli halifunguki;*
*okoa, Mama Malika,*
*miguu hainyanyuki!*

Akalirudia mpaka koo likakauka. Zeinabu, aliyekuwa akipanda mwinuko na beseni kichwani, alisimama ghafla.

"Huyo ni Baba Austin! Amefungiwa ndani!"

Akalitupa beseni, akarudi majini na mumewe Abdulmajid. Kufuli lilivunjwa kwa nyundo. Wakamkuta godoro limelowa chepechepe, maji yakimfika kidevuni, macho yameganda kwenye bati. Abdulmajid akambeba mgongoni.

Jentrix aliporudi na kuyaona yaliyotokea, aliketi matopeni akalia. Mwezi haukuisha kabla hajapata chumba huko Gatina, Kawangware, nyumba ya mawe, ghorofa ya tatu. Wanaume walimpandisha Wesonga kwenye ngazi nyembamba wakihema, na hakuna aliyeuliza atashukaje.

"Hapa maji hayatakupata," Jentrix alimwambia.

"Wala mimi sitayapata," Wesonga akajibu.

Chini ya zege, mvua haikuwa na sauti. Aliiona tu ikiteremka kwenye kioo, kama mtu anayepita bila salamu. Jirani wa ukuta hakumjua hata jina.

Jioni moja alimwambia mkewe, "Nimetunga ya upepo."

"Sema, nasikia," Jentrix alisema, akijilaza kando yake.

Kufikia mstari wa pili mkewe alikuwa amelala, viatu miguuni. Wesonga alilimalizia shairi kwa sauti ya chini ili asimwamshe.