Aliyekaribishwa na Baba Mdogo

Bomba la kupasha nyumba joto ukutani mwetu, hapa Flemingdon Park, ughaibuni kwenye baridi, hugonga mara tatu, hunyamaza, kisha hugonga tena. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu Neema alikuwa akisoma riwaya ya Kijapani, ya familia iliyohamia nyumba ambayo marehemu mwenye nyumba bado hajaridhika. Bomba lilipogonga, akakifunga kitabu.

"Bibi, wafu hulipiza kisasi?"

Nilimwambia kisasi ni cha Mungu. Hilo ni kweli. Ila ninyi nitawaambia na lililobaki.

Baba yangu alikuwa akichechemea. Kila alasiri, kule Uvira, aligonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe kwa fimbo mara tatu, akasubiri Mama aseme karibu. Asiyepiga hodi, alikuwa akisema, ni mwizi hata kwake. Alipofariki, mdogo wake aliingia bila hodi. Alichukua kitanda, akatuhamishia mimi na Mama kwenye jiko la nje, motoni na moshini. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimchukia kwa bidii, kama watu wanavyofunga na kuomba.

Fimbo ya Baba nilikuwa nimeificha kwenye nyasi za paa la jiko. Siku moja baba mdogo akiwa amelala mchana, nilijibanza nyuma ya chumba chake, nikagonga kama Baba: ko, ko, ko.

"Karibu," akaitika, nusu usingizini.

Hakuingia mtu. Kwetu hata mtoto anajua: usiitikie hodi ya mtu usiyemwona, huenda ni mfu. Alitoka amejifunga shuka, jasho likimtiririka.

"Shemeji, nani amegonga?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kinu alimotwanga sombe, majani ya muhogo. "Waniuliza mimi? Si wewe uliyemkaribisha."

Niligonga siku tatu. Ya nne alibeba godoro lake akaenda zake, nami nikacheka hadi tumbo likauma. Utamu ule sijausahau, Mungu anisamehe.

Tuliporudi ndani ya nyumba, niligonga mara ya mwisho, kwa mchezo tu. Nikamsikia Mama akisema polepole, "Karibu, Baba Riziki," kama alivyokuwa akimwita Baba. Kisha akavuta kiti.

Sikuthubutu kuingia. Fimbo niliitupa mtoni, na Mama akawa anaacha mlango wazi kila alasiri, miaka yote. Sikumwambia kamwe. Nilidhani nilikuwa nikimgongea baba mdogo peke yake.

Sasa nami ni mjane. Bomba likigonga, Neema hushtuka. Mimi huvuta kiti.