Wifi yangu amemwaga dawa zangu chooni

Zote, jamani! Leo asubuhi.

Mnaonijua tangu Kampala mnaujua mgongo wangu. Ni miaka sita sasa tangu nianguke na pikipiki. Vidonge havijaniponya, lakini vinaniwezesha kusimama dukani kwangu hapa mtaani Gudele.

Nimemkuta dada wa mume wangu, anayenisaidia dukani, ameshika kopo tupu.

"Umekuwa mlevi wa dawa," akasema. "Aliyeokoka anaponywa na maombi."

Nilipiga kelele mpaka wateja wakatoka nje. Hapohapo mgongo ukanikamata, miguu ikaishiwa nguvu.

Nikakaa sakafuni nikafanya kama mshauri nasaha wa Kampala alivyonifundisha: nikafumba macho, nikavuta pumzi polepole, nikalegeza mabega, nikajiambia maumivu haya yamewahi kupungua na yatapungua tena. Baada ya nusu saa nikaweza kusimama.

Na yeye akapiga makofi! "Umeona? Bila dawa!"

Sijawahi kumchukia mtu hivyo.

Nikamwambia, "Wifi, pumzi inanisaidia kuvumilia. Vidonge vinanisaidia kutembea. Navihitaji vyote viwili."

Akasema sina imani. Nikamnyang'anya ufunguo wa duka nikamwonyesha mlango.

Dawa nyingine zitafika na basi la Kampala wiki ijayo, Mungu akipenda. Mpaka hapo duka limefungwa, nami nimelala chali naandika kwa simu.

Mume wangu amepiga simu. Hakuuliza mgongo unaendeleaje. Anataka nimwambie dada yake malesh, nimwombe radhi yaishe.

Simwombi. Wewe ungemwomba?