Mtalii wa Mteremko wa Kyavinyonge

Josaphat Syauswa aliamini kwamba milima ya kwetu iliumbwa ili yeye aonekane juu yake akiwa kwenye pikipiki. Mimi ni mjane wa kaka yake, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Nimemjua tangu akiwa na kamasi puani kule Musienene.

Wazazi wake walimpeleka kusomea ukatekista, akarudishwa mwaka wa pili kwa sababu darasa lilikuwa na dirisha. Walimpa shamba la viazi. Alilima nusu, akaketi juu ya jiwe kuangalia mabonde, na nusu ya pili ikachukuliwa na magugu. Kisha akaenda Kampala. Vijana wengine wa Butembo walirudi kutoka huko na vitenge, misumari na sabuni, vitu vya kuuza. Yeye alirudi baada ya miaka mitatu na pikipiki nyekundu, koti la ngozi, miwani myeusi na, sijui aliliokota wapi, neno moja la Kifaransa alilolipenda kuliko jina lake: paysage.

Paysage ni shamba la mwenzako ukiliangalia bila jembe mkononi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi, niliyeishia darasa la nne.

Alianza kubeba abiria. Mtu alipanda naye mara moja tu, hakurudi. Safari ya saa moja kwake ilikuwa ya saa tatu, maana kwenye kila kona alizima injini, akavua miwani, akanyoosha mkono kama padre anayebariki. Mama mmoja wa Kirumba aliyekuwa akipeleka nyanya sokoni alishuka njiani na kumaliza safari kwa miguu, kapu kichwani, akafika kabla yake.

Mwaka wa tatu wa vita ile ya pili ya nchi yetu, binti yangu Kavuo alikuwa Kyavinyonge, kando ya ziwa, kwa mume wake Edmond anayekausha samaki. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane, na alikuwa ameshaona damu mara mbili. Muuguzi wa kule chini alikuwa amekimbia. Siku ya Ijumaa, wachuuzi wa samaki walipanda Butembo na habari kwamba askari wa ziwani wanajiandaa kupigana na wengine wanaotoka upande wa Beni, na kwamba kizuizi cha kwenye mteremko kitafungwa kesho yake saa kumi jioni. Kitafunguliwa lini? Hakuna aliyejua. Magari yalikuwa yameshaacha kushuka. Niliona mbele yangu mtoto wangu akizalia vichakani, risasi zikipita, na Edmond akihesabu samaki wake.

Nilizunguka mji mzima kutafuta mtu wa kunishusha. Wenye akili wote walikataa. Usiku nikaenda kwa Josaphat.

"Kesho? Shemeji, umechagua siku muzuri!" alisema. "Mvua imenyesha, hewa imesafishwa. Tutaona mupaka Rwenzori."

"Sitafuti Rwenzori. Ninatafuta Kavuo."

"Tutaona bote babili."

Tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati. Nilifunga kitenge mara mbili na kushika koti lake kwa mikono yote. Mpaka Kyondo aliendesha vizuri, nikaanza kufikiri labda Mungu amemtembelea. Baada ya Kyondo barabara inaanza kujikunja ukingoni mwa mlima, na hapo akasimama.

"Shuka uone."

"Sishuki."

"Shemeji, paysage ya hivi hata Bazungu banavukaka bahari juu ya kuiona!"

Nilikuwa naiona bila kushuka. Maharage yaliyopandwa kwenye mlima uliosimama kama ukuta, ambako mwanamke akiteleza ataokotwa kwa jirani wa chini. Mikaratusi. Mbali kabisa chini, nyika ya njano, kisha ziwa, limelala kama bati jipya. Ni pazuri, sikatai. Lakini mtoto wangu alikuwa pale kwenye ukingo wa bati lile, na huyu bwana alikuwa anafuta miwani.

"Twende, Josaphat."

"Haraka ya nini? Mimba haikimbiake."

Alisimama mara tano. Kona moja aliiita Balkoni, nyingine Kiti cha Askofu. Alinieleza jua linavyopiga saa ngapi wapi. Nilimjibu kwamba nitamweleza mimi mkono wangu unavyopiga wapi. Alicheka, akaniambia kwamba kaka yake naye hakujua kufurahi.

Halafu akafanya jambo ambalo siwezi kumlaumu peke yake, kwa sababu Butembo nzima hulifanya. Sisi tukifika kwenye mteremko tunazima injini. Mafuta yanatoka mbali, mteremko unatoka kwa Mungu; kwa nini kuchoma kile unachonunua wakati unacho cha bure? Hata tajiri mwenye malori kumi na mawili huwafundisha madereva wake hivyo, na wale waliopotea korongoni kwa sababu hiyo tunawaombea misa. Basi Josaphat alizima, tukaanza kuteleza kimyakimya, upepo masikioni, yeye akipiga mluzi.

Kilomita saba chini ya hapo, nyuma ya kona, ndipo kilipokuwa kizuizi.

Askari walisikia mluzi tu. Tulipotokea, bunduki nne zilikuwa zinatuangalia. Sijui nilishukaje. Najua kwamba nilikuwa nimelala kifudifudi, mchanga mdomoni, na karibu nami Josaphat alikuwa amepiga magoti.

Kamanda alikuwa mtu wa mbali, wa nchi ya msitu na mito, ambako ardhi ni tambarare. Alisema Lingala na askari wake. Kiswahili alikivunja kama kuni.

"Moteur iko wapi?" alipiga kelele, akitaka kujua injini. "Juu ya nini munakuja kimya? Adui njo anakujaka kimya!"

Nilimngoja Josaphat aseme. Mtu aliyekuwa na jina la kila jiwe alikuwa anapapasa mchanga akitafuta miwani yake. Nikainua kichwa.

"Baba kamanda, hatuko adui. Sisi batu ya Butembo, ku mushuko tunazimaka moteur."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mafuta, baba. Isipotee."

"Munaweza kufa hapa juu ya mafuta?"

"Ndiyo, baba. Tunakufaka."

Kisha askari mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata, hata kamanda. Lakini hakuamini. Alisema mashine ya chuma haiwezi kutembea bila moto ndani yake, labda ni uchawi, na kama ni kweli Josaphat aonyeshe. Wakamwamuru asukume pikipiki mpaka kona ya juu, kisha ateleze tena injini ikiwa imezimwa. Akasukuma, koti la ngozi mgongoni, jua limeanza kuwaka. Akateleza. Wakapiga makofi. Askari mmoja akataka kupanda nyuma. Josaphat akasukuma tena.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimwomba kamanda ruhusa ya kushuka kumchukua mgonjwa.

"Enda. Ye anabaki. Huyu njo cinéma yetu." Josaphat ndiye aliyekuwa sinema yao.

Nilishuka kwa miguu kwa muda wa saa moja na nusu, nikipita njia za mkato, visigino vikiwaka. Kavuo alikuwa ameketi mbele ya nyumba, miguu imevimba. Edmond alikuwa kwenye vichanja vyake vya samaki, moshi machoni.

"Mama, tungoje kwanza hii samaki ikauke," alisema Edmond.

"Ngoja na samaki wako. Mimi ninapanda na wangu."

Alijua si wakati wa kujibishana. Aliita wavuvi watatu, wakaleta kipoyi, kile kiti cha kubebea wagonjwa mabegani, na yeye mwenyewe akashika ncha ya nne ya miti yake. Hilo nalisema kwa heshima yake. Walipanda wakitweta, wakipumzika kila mara, nami nikitembea pembeni nikiangalia jua. Tulifika kwenye kizuizi karibu saa tisa na nusu. Mikono ya wavuvi ilikuwa inatoka damu. Juu zaidi wasingeweza, na walitaka kurudi kabla ya kufungwa kwa njia.

Josaphat alikuwa bado anateleza. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi, na nyuma yake askari mwenye kofia ya sufu alikuwa amenyoosha mikono kama ndege. Waliposimama, nikamsikia Josaphat, kwa masikio yangu, akimwambia yule askari: "Hapa pa kona angalia kuume, njo utaona ziwa yote." Alikuwa ameshakuwa kiongozi wa watalii.

"Baba kamanda," nikasema, "mgonjwa huyu hapa. Tunaomba pikipiki twende."

"Leo hapana. Zamu yangu ya kuteleza bado. Kesho."

"Saa kumi munafunga, baba."

"Tunafunga. Munalala hapa na sisi."

Kavuo alinishika kitenge. Mimi ni mtu wa hofu. Nikiwa na hofu macho yangu hayatulii, yanaokota kila kitu. Yaliokota kwamba kamanda alikuwa na kamba nyeusi mkononi yenye kichupa, na askari wake wote walikuwa na kamba kama hiyo, wengine shingoni. Dawa za vita. Miaka ile kila mtoto kwetu alijua masharti yake: mwenye dawa hali hiki, hagusi kile, na damu ya mwanamke anayezaa ikimwagika karibu naye, dawa inakufa, risasi inaingia.

Nikamfinya Kavuo pajani kwa kucha zangu zote.

"Wee mama!" alipiga kelele.

"Mungu wangu, imeanza!" Nikatandika kitenge changu cha juu katikati ya barabara, mbele ya miguu ya kamanda. "Baba, asante kwa nafasi. Atazalia hapa hapa. Muniletee maji na wembe."

Nikamfinya tena. Mtoto wangu ni mwerevu kuliko mume wake. Mara ya tatu alilia bila kufinywa.

Askari waliruka nyuma kama wamemwagiwa maji ya moto. Kofia ya sufu ilikuwa ya kwanza kukimbilia nyuma ya mikaratusi. Kamanda alishika kichupa chake, akapiga kelele kwa Lingala, maneno ambayo sikuyajua yote, lakini mkono ulikuwa wazi: ondokeni, sasa, na hiyo pikipiki yenu. Yeye mwenyewe aliinua mti wa kizuizi, uso kando ili asione.

Tulipanda watatu, Kavuo katikati, mimi nyuma nikiwa nusu hewani. Edmond alirudi chini kwa samaki wake. Injini ilinguruma, na safari hii niliipenda kelele yake.

Tulipofika kwenye Kiti cha Askofu, Josaphat akapunguza mwendo.

"Mumeona? Basoda ba kizuizi nabo banapenda paysage. Nilibaonyesha vizuri, njo maana balituachia."

Hakuwa ameelewa kitu. Hata leo hajaelewa. Nilimpiga kofi la mgongo, vumbi likatoka kwenye koti, akaongeza mwendo.

Kavuo alijifungua Butembo baada ya siku tisa, mtoto wa kike, Masika, wote wazima. Njia ya ziwani ilifungwa wiki sita. Edmond alikuja baadaye kwa miguu, amekonda, na samaki wawili tu, akamwinua bintiye asijue amshike wapi.

Nilimpikia Josaphat kuku, kwa sababu bila pikipiki ile ningefanyaje, na deni la shukrani halichagui mtu. Alikula mapaja yote mawili. Akafuta mdomo, akasema njia nzuri kuliko zote ni ile ya kwenda Kirumba, kona zake ni laini, mtoto akifikisha miezi mitatu tumpeleke, aanze mapema kuona.

Nilimwondolea sahani mbele yake, ingawa bado kulikuwa na shingo ya kuku.