Mbu wa Matanga
Redio ikianza kusoma matangazo ya vifo asubuhi, wenzangu ofisini hupunguza sauti. Mimi huongeza. Nasimamia mpango wa kudhibiti mbu katika mji wa Busia, upande wa Uganda, na kazi hii imenifundisha kuogopa matanga kuliko mvua. Mvua naijua. Ikinyesha, malori yanayosubiri kuvuka mpaka huchimba vidimbwi kwa magurudumu yao, mbu hutaga humo, nasi tunafuata nyuma na dawa ya kuua viluwiluwi. Wakaidi hawakosi, kama yule mama muuza samaki aliyekataa kumwaga maji ya tairi kuukuu eti bata wake watakunywa wapi. Tunabishana, tunataniana, mwisho maji yanamwagika.

Matanga ndiyo yanayonishinda. Mtu akifa kijijini, nusu ya mtaa hupanda boda kwenda kulia, na kwetu huendi kulia halafu ukalala ndani. Watu hulala uani kwenye mikeka, kuzunguka moto, mpaka marehemu azikwe na moto wenyewe uzimwe. Neti zinabaki mjini zikilinda magodoro. Baada ya siku kadhaa homa zinaanza, zahanati zinajaa, na mkubwa wangu ananiita kuniuliza nimeifanyia nini mitaro. Niliposema kwenye mkutano kwamba mpango wetu ufike hadi matangani, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa wewe nataka kupulizia hata maiti?"

Chumba kizima kikacheka naye. Nilikasirika siku nzima.

Kisha akafa baba.

Alifia nyumbani Bulumbi, uzee tu, na Mungu anisamehe, nilipopigiwa simu sikumfikiria yeye kwanza. Nilimfikiria dada yangu mdogo. Tumezaliwa wawili tu. Ameolewa Tororo, mume wake ni kibarua kwenye kiwanda cha saruji, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Mbili zilizotangulia zilitoka. Ya pili, daktari alisema ni malaria, iliingia kwenye kondo la nyuma bila hata homa ya kumshtua mtu. Safari hii vidonge vya kliniki alikuwa anavimeza, neti alikuwa nayo, dirisha nilimwekea wavu kwa mikono yangu. Sasa alikuwa anakuja kulala nje, maana binti wa marehemu ndiye wa kwanza kulala nje.

Nilifika Bulumbi nimebeba neti mpya. Aliyeuendesha msiba alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimvuta kando ya jiko nikamweleza shida yangu.

"Neti ni ya kitanda," alisema. "Hapa kuna mtu nalala? Hapa tunalia."

"Shangazi, ana mimba."

"Mimi nilikuwa na mimba ya huyu," akamwonyesha mwanawe mwenye mvi, "na nililia babu yako hapa hapa. Ukifungia dada yako ndani, watu watasema yeye nakimbia baba yake."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikameza. Nikaenda kwa dada mwenyewe, nikijua yeye yamemkuta, atanielewa. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha. Nilimsihi alale jikoni tu, mlango umefungwa, hakuna atakayesema neno.

Aliniangalia. "Kaka, ile ya kwanza ilipotoka, nani alikuja kulia?"

Kwetu mimba ikitoka hakuna matanga. Mama huambiwa apumzike, atapata nyingine.

"Baba alikuja," alisema. "Aliwasha moto nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, majirani wananung'unika juu ya moshi. Tukalala nje, yeye na mimi. Na ile ya pili vilevile. Sasa mimi nimwache yeye peke yake?"

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Iliniuma, tena nilimkasirikia baba, ambaye kwa upendo wake alikuwa ameniwekea mtego nisioweza kuutegua.

Basi giza lilipoingia, msimamizi wa mbu wa mji mzima aliketi nyuma ya dada yake na kanga mkononi, akipepea. Nilimfunika miguu blanketi. Nilimsogeza upande wa moshi mpaka akakohoa na kunifukuza. Mwisho nilivua shati. Najua vizuri kwamba huo si utaalamu, na mfanyakazi wangu angefanya hivyo ningemcheka, lakini niliwaza kwamba mbu wakinikuta mimi wazi labda watashiba. Binamu zangu walinitania kwamba mtu wa mjini amekuja matangani kuota jua la usiku. Kifo cha wengi harusi, na kweli watu waliimba, wakanywa uji, wakakumbushana vituko vya baba. Mimi nilikuwa nasikiliza mbu tu. Nilipepea hivyo kila usiku mpaka shangazi alipouzima moto.

Kusubiri ndiko kulikonimaliza. Malaria haijitokezi siku ile ile uliyoumwa na mbu. Nilirudi Busia nikawa nampigia dada asubuhi na jioni. Kichwa je? Viungo je? Mtoto anacheza? Akichelewa kupokea, napiga tena na tena. Mume wake alinilalamikia kwa adabu: "Shemeji, mimi nikimpigia mke wangu nakuta anaongea na wewe."

Siku moja akasema kichwa kinamgonga. Nilikodi boda kutoka Busia hadi Tororo, wazimu mtupu kwa umbali ule, nikampeleka zahanati. Tuliketi kwenye benchi nimemshika mkono. Mhudumu wa maabara akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo. Kipimo kile nimewafundisha wengine kukisoma: mstari mmoja huna malaria, miwili unayo. Siku hiyo niligeuza uso nikatazama ukuta.

"Mmoja," alisema mhudumu. "Hana. Huyu amechoka tu na msiba."

Dada wala hakuwa anamsikiliza mhudumu. Alikuwa anautazama mkono wangu ndani ya wake.

"Na huyu mpime," alisema. "Anaungua."

Nilisema ni jua la barabarani. Hawakunisikiliza. Mistari yangu ilikuwa miwili.

Baba alipokuwa anafukiwa dada hakutoa sauti. Pale kwenye benchi alilia mbele ya wagonjwa wote, akinipiga begani kwa ngumi. "Nani alikutuma? Baba ameenda, na wewe unataka kumfuata? Mimi nibaki na nani?"

Siku zote hizo nilizokuwa namhofia yeye, haikunijia kwamba na mimi ni mtu wa kuhofiwa. Alinisimamia nikameza dawa, akanitaka nifungue mdomo aone kama zimeshuka.

Ninapoandika haya bado hajajifungua. Sasa yeye ndiye anayepiga simu jioni kuniuliza kama nimeingia kwenye neti, na mimi namwuliza yeye. Kila mmoja anajibu ndiyo, na hakuna anayemwamini mwenzake.