Macho Si Mlango

Jumatatu tulimzika shangazi yangu, Bi Mwanaisha, na nikapoteza mtu niliyekuwa nikimsomea. Nikisikia harufu ya wino wa gazeti iliyochanganyika na ya mbaazi za nazi, hurudi kwenye likizo ile ya utotoni, katika chumba chake cha juu hapa Ndia Kuu, Mombasa. Mtoto wa jicho alikuwa ameshayafunika macho yake yote mawili. Moja lilipasuliwa, halikufaa. Wageni walipomhurumia, aliwajibu, "Mimi sikuzaa, lakini watoto wa jicho ninao wawili, tena hawanidai nguo za Idi." Kila asubuhi nilimsomea vidokezo vya fumbo la maneno na kumhesabia vyumba vyeupe. Yeye alitaja jibu, mimi nikaandika. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyekuwa amempokonya.

Gazeti lililetwa na Ami Salim, kaka yake mkubwa. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Mwanaisha, kipofu na gazeti wapi na wapi? Kuanzia kesho nitalisoma dukani. Mtoto huyu naye akacheze na wenzake."

"Keti, kaka," shangazi akasema. "Ukinishinda leo, usililete tena."

Ami alicheka, akaninyang'anya kalamu. Nikasoma: amri kwa aliyelala na kwa aliyekwama kwenye fumbo, herufi sita. Akaandika upesi FUNGUA.

"Fungua macho. Kwisha!"

"Macho si mlango, kaka, hayana komeo. Macho hufumbuliwa. Na fumbo pia."

"Siku hizi watu wote husema fungua."

"Na waseme. Mwanangu, kwenye herufi ya tatu panashuka neno gani?"

Nikasoma: nyeusi katikati ya jicho, herufi tano.

"Mboni," akasema. "Kwa herufi ya kaka tutapata nboni. Haya kaka, nitajie mtu mwenye nboni hapa Mombasa."

Nilicheka hadi nikaanguka mkekani. Ami aliigeuza N kuwa M, na G kuwa B, likasomeka FUMBUA. Kesho yake gazeti lilipanda ngazi kama kawaida, na halikukatika tena maisha yote ya shangazi.

Siku hizi macho yanafunguliwa redioni, shuleni, kila mahali, na mafumbo wanangu wanayajaza kwenye simu, inayowapa jibu kabla hawajafikiri. Mimi niliishia darasa la nane. Siwezi kubishana na waliosoma, lakini sitaandika fungua.

Jana, siku ya tatu ya matanga, jirani mmoja alisema, "Maskini, sasa amepumzika na kiza chake." Nilivuta gazeti la siku hiyo, nikakaa kando ya kitanda kitupu cha shangazi, nikasoma kidokezo cha kwanza kwa sauti. Wanawake wote waliniangalia.

"Mwacheni," mmoja akanong'ona, "msiba umemzidi."

Nikasoma cha pili.