Njegere za Dereva wa Basi la Shule

Siku baba alipong'oa njegere zake mwenyewe akayaacha magugu yasimame, mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bustani yetu iko nyuma ya jiko, haizidi ukubwa wa vyumba viwili, na baba alikuwa amepanda njegere humo tangu mvua za kwanza. Mbegu aliziloweka kwenye kikombe chake cha chai, mama akanuna, halafu baba akazitia ardhini moja moja kwa kidole, mpaka kiungo cha pili. Zilipoota zilitoka zimeinamisha vichwa kama watoto waliogombezwa, kisha zikanyooka. Sasa miche yote ya mstari wa kwanza ilikuwa imelala kwenye rundo, mizizi juu, na majani ya porini yamebaki pale yakipunga upepo kama ndiyo yaliyoalikwa.

“Mzee, leo umepalilia njegere?” mama akauliza.

“Zilikuwa na wadudu.”

“Wadudu wenye ubaguzi hao! Mbona magugu hawakuyagusa?”

“Magugu gani?”

Hapo mama akaacha kucheka. Baba alikuwa amepiga magoti, kijembe mkononi, uso ameuelekeza kwenye lile rundo, na lilikuwa karibu kiasi cha kulishika bila kunyoosha mkono. Hakujua inayosemwa ni miche ipi. Mama akachuchumaa mbele yake akamtazama macho, kwanza jicho moja halafu la pili, kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

Mimi nilikuwa nimeshaona kitambo. Shule niliacha mapema, kwa hiyo kutwa niko nyumbani, na mtu wa kutwa nyumbani huona mengi. Nilimwona baba akimimina chai huku kidole kiko ndani ya kikombe, aijue imefika wapi. Nilimwona akisubiri mgeni aseme neno kwanza ndipo amwite kwa cheo chake. Ujumbe ukiingia kwenye simu ananirushia: “Nisomee, wewe mwenye macho ya bure.” Tukacheka, yakaisha.

Lakini baba ni dereva. Anaendesha basi la shule. Si lake, ni la mtu tunayemwita Tajiri, anayeishi mtaa wa juu na ambaye utajiri wake wote ni hilo basi na kitambi. Watoto wanampenda baba kwa sababu ya mzaha. Akisimama kituoni huwaambia, “Ingieni, ndege inaondoka,” na wadogo kabisa huwa wanafunga mikanda ambayo haipo.

“Tangu lini?” mama akamuuliza pale pale kwenye udongo.

“Tangu lini nini?”

“Macho, baba. Macho.”

“Vumbi tu la barabarani.”

“Basi twende hospitali wakalitoe.”

Baba akajipangusa magoti. “Hospitali wataniambia niache gari. Nikiacha gari mimi ni nani? Mchunga kuku?”

“Kuku wenyewe huna.”

“Umeona? Hata kuku sina.”

Akaingia ndani. Jumatatu akaenda kazini kama kawaida.

Njegere alizipanda upya, na safari hii alikuja na ujanja. Alichomeka fito mwanzo na mwisho wa kila mstari, akafunga kamba chini, karibu igusane na ardhi, kisha nyingine juu yake, na nyingine tena. Mbegu akazifuatisha kamba. “Kanuni ni moja,” akaniambia. “Kilicho kwenye kamba ni njegere. Kilicho nje ya kamba ni adui.” Zilipoota alipalilia kwa vidole, mkono mmoja ukitembea juu ya kamba, mwingine ukipekua pembeni, na hakukosea hata mche mmoja. Ndivyo zilivyopanda. Zile nyuzi zake nyembamba za kujishikia zikajizungusha kwenye kamba, maua meupe yakaja, halafu maganda.

Kuchuma njegere kunahitaji macho kweli, maana ganda ni kijani na jani ni kijani, na lililokomaa hujificha nyuma ya changa. Baba hakuangalia. Alishuka na bua kwa kiganja, akikuta ganda analibonyeza kwa dole gumba. Likiwa limejaa anachuma, likiwa tupu anasema, “Endelea na masomo,” analiacha. Alijaza bakuli akalipeleka kwa mama akiwa ameinua kifua.

“Nenda kakague. Ukikuta nimeacha ganda moja lililokomaa, niite kipofu.”

Mama alikagua. Hakukuta.

“Sasa?” baba akasema. “Ile njia ya shule ni kama mistari hii tu. Kona naijua, shimo nalijua, tuta nalijua. Mikono yangu inaona.”

Mama alimenya zile njegere, zikawa zinadondoka kwenye sufuria tik, tik, tik. Mimi nilifurahi zilipoota, lakini kuanzia hapo nilitamani zingekauka. Kila zilivyozidi kustawi ndivyo baba alivyozidi kujiamini.

Ijumaa alasiri alipita yule mama anayesimamia watoto ndani ya basi, mnene, mcheshi, tunamwita Shangazi wa Basi. Baba alikuwa anaoga. Shangazi akaegemea mlango, akacheka kabla ya kusema.

“Wifi, mume wako siku hizi ana maringo. Jana kasimama kwenye kituo ambacho hakina mtu, kafungua mlango kabisa, anauambia mti ingia. Leo asubuhi karibu ampite mtoto wa fundi viatu, na mtoto kashashuka barabarani kulifuata basi! Nimepiga bati la basi mpaka mkono umevimba. Ananiambia alikuwa anamtania.”

Alicheka tena, lakini akaona mama hacheki. “Alikuwa anamtania, si ndiyo?” akauliza. Mama akamwambia mkono uliovimba aukande kwa maji ya chumvi.

Jumapili baba aliamka mapema kwenda kuchuma. Hutembea haraka bustanini, anapiga mluzi, maana njia kati ya mistari anaijua. Mama alimtangulia. Alibeba ndoo iliyojaa maji akaitua katikati ya njia, wazi kabisa, ndoo nyekundu. Nikafungua mdomo. Mama akanitazama tu, nikaufunga.

Baba akaja na mluzi wake. Goti likapiga ndoo, akaenda mbele na mikono yote, akashika kamba, kamba ikavuta fito, na mstari mzima ukamwangukia mgongoni. Maji yakamwagikia udongo. Maganda yalitapakaa.

“Nani kaweka ndoo hapa?”

“Mimi,” mama akasema.

“Ndoo huwa haikai hapa!”

“Ndiyo, huwa haikai hapo.” Akaiokota ndoo tupu. “Na mtoto je, baba? Huwa anakaa wapi barabarani? Umemfungia kamba?”

Baba alibaki amekaa kwenye tope. Nilidhani atafoka, au atatafuta mzaha, maana mzaha haujawahi kumkosa. Alianza kuinua mabua, akiyapapasa moja moja, anajaribu kuyarudisha kwenye kamba. Bua la njegere ni tupu ndani, likivunjika halina dawa. Alipapasa la kwanza, la pili, la tatu. Akayaweka chini.

“Nileteeni viatu,” akasema.

Mama alitaka kumshika mkono, baba akakataa, akataka niende naye mimi. Hakubadilisha hata suruali. Tulipanda mtaa wa juu, yeye nyuma yangu kidogo, ananifuata kwa kusikiliza ndala zangu. Tajiri alikuwa uani anaosha basi kwa mpira, amevaa bukta.

“Mzee wangu! Hata Jumapili? Na tope lote hilo, umetoka kulima au kupigana?”

Baba alitoa funguo mfukoni akanyoosha mkono. “Tafuta dereva mwingine. Mimi sioni.”

Tajiri akacheka akajipiga paja. “Huoni nini, mshahara? Hata mimi siuoni!”

Na baba akacheka. Alicheka kwa mazoea, mbavu zikatikisika, na mimi nikaogopa kwamba atarudisha funguo mfukoni na mambo yataishia hapo. Mkono wake ulikuwa bado hewani, umeelekea kwenye tairi, siyo kwa Tajiri.

“Tajiri,” akasema, “umesimama wapi?”

Tajiri akafunga maji. Akautazama ule mkono, kisha akauzunguka polepole, akaja kusimama mbele yake kuzipokea funguo.