RAM niliyomchagulia Baba, tukiunga kompyuta yetu ya kwanza Mpanda

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari zenu.

Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka. Ila jana nimeona kijana anauliza: desktop yake ya kwanza anayoiunga mwenyewe, aweke RAM moja kubwa au mbili ndogo? Nimeandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Bora nianzishe uzi. Sitaongeza chumvi. Mengi nayatoa kwenye daftari nililokuwa naandika kwa kujificha nikiwa Form Three.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tunakaa Makanyagio, hapo Mpanda.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu wa Darasa la Saba. Akapigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu. Mkono wa kulia haukurudi.

Wakati wa likizo mwalimu mkuu akaja nyumbani, akanywa chai, akasema kwa upole: "Mwalimu, shule ikifunguliwa nitahitaji maandalio ya masomo na mitihani, yote kwa maandishi. Ukishindwa nitakupumzisha stoo."

Baba akajibu, "Nitaandika."

Kwa mkono gani, hakusema.

Baba mdogo alikuwa fundi wa taipureta na redio Tabora. Taipureta ilikuwa nzito kwa vidole vya kushoto vya Baba, na akikosea hafuti. Basi Baba mdogo akaokota vifaa vya kompyuta vilivyotupwa na ofisi moja huko, akaandika barua kwamba tuunge ya kwetu. Hata kwake yeye ilikuwa kompyuta ya kwanza.

Kila kitu alikuwa nacho isipokuwa memory, yaani hiyo RAM. Muuzaji alikuwa na vipande viwili vya 8MB, au kimoja cha 16MB. "Jumla ni ileile," aliandika. "Kitabu cha motherboard, ule ubao mkuu wa ndani, nakituma kwa treni. Ni Kiingereza, mimi sikiwezi. Asome Doto, aamue yeye."

Doto ndiye mimi.

Hapa inabidi nisimame kidogo niwaeleze kitu. Ukisikia Doto ujue kuna Kulwa. Pacha wangu alikufa kwa surua tukiwa na miaka minne. Kwa bibi yangu, na kwa mama, pacha aliyebaki hanunuliwi kitu kimoja, mwenzake aliyekufa asije akaona wivu akamwita amfuate. Kwa hiyo mimi nilikuwa na vikombe viwili, vitana viwili, sare mbili zilizoshonwa siku moja. Hata andazi, mama alinifungia mawili, na la pili nilikatazwa kumpa mtu.

Shuleni walijua. Kuna msichana alikuwa ananiuliza mbele za watu, "Doto, mwenzio leo ameshiba?" Darasa zima linacheka. Na mimi nacheka nao, halafu naenda kulia chooni.

Basi nikafungua kile kitabu. Kulikuwa na jedwali la memory. Lilisema wazi kwamba kwa motherboard ile, RAM zinawekwa mbilimbili, zinazofanana. Moja peke yake haiwaki.

Nililielewa, wakuu. Kiingereza changu hakikuwa kibaya kiasi hicho.

Lakini kwenye daftari siku ile nimeandika hivi: "Hata kompyuta nayo inataka mbili. Nimechoka. Kuna kitu kimoja nyumba hii kitakuwa kimoja." Nikajiambia ni ushauri tu wa watengenezaji. Nikamjibu Baba mdogo: nunua moja ya 16.

Akaja nayo Jumamosi, likizo imebaki wiki moja. Tukaunga mchana sebuleni, umeme upo. Baba alikuwa amevaa shati lake la kazini, limepigwa pasi.

"Doto wewe ndiye injinia," Baba mdogo akatania. "Mimi hapa ni bisibisi tu."

Akawasha. Feni ikazunguka. Ikalia bip, bip, bip. Skrini nyeusi.

Akazima, akaichomoa ile RAM, akaisugua miguu yake kwa kifutio, akairudisha. Bip, bip, bip.

"Doto, kitabu kinasemaje?"

Nikasema, "Kinasema iko sawa."

Baba aliendelea kukaa mbele ya ile skrini na mkono wa kushoto juu ya keyboard, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Baba mdogo akairudisha ile RAM Tabora kwenda kubadilisha. Ya 16 nyingine muuzaji hakuwa nayo, na zile mbili za 8 zilikuwa zimeshauzwa. Nyingine zilipatikana muhula ukiwa umefika katikati, akazileta mwenyewe. Tukaziweka, ikawaka mara moja. Akamwambia Baba, "Kaka nisamehe, niliuziwa mbovu." Mimi nipo pale pale. Nikaendelea kukusanya skrubu.

Baba alikuwa stoo tayari, anagawa chaki na majembe.

Jioni moja akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Ilimchukua siku nne. Alitunga mtihani wa hesabu, maswali hamsini, ambao hakuna shule iliyomwomba. Printa hatukuwa nayo (kazi za shule tulipanga kupeleka diski zikachapwe ofisi ya wilaya), kwa hiyo akaniweka mbele ya skrini nijibu kwenye karatasi. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu, vema zake zimepinda.

Nilikosa matatu. Akayazungushia duara.

"Haya hukushindwa," akasema. "Uliyasoma, ukaelewa, ukajibu unavyotaka wewe."

Sijui kama alijua. Mpaka tunamzika sikuwahi kumuuliza, wala kumwambia. Hata Baba mdogo, ambaye yupo hai, sijamwambia.

Kwa hiyo kijana, jibu langu ni hili: fungua kitabu cha motherboard yako, uweke inachotaka yenyewe. Moja au mbili, usiulize moyo wako. Moyo una mambo yake.

Na nyie wengine, hasa mliobaki peke yenu kwenye upacha: kwenu walifanyaje? Na je, nimpigie Baba mdogo, au niache kama ilivyo? Nasoma majibu yote, hata ya kunisema.